Mzazi Anapokuwa Mahututi



Asubuhi hii nawafikiria hasa wale ambao hawakupata kwenda Misani kwa sababu wameamkia kwenye benchi la hospitali. Nyuma ya mlango usiofunguliwa ila kwa saa maalumu, mama amelazwa katika chumba cha wagonjwa mahututi, naye anapumua kwa msaada wa mashine. Nje ameketi binti yake, ameshika khanga ya mama na karatasi ya dawa zinazotakiwa kununuliwa. Ndugu wakipiga simu kuuliza hali, hujibu: "Anaendelea vizuri." Mwenyekiti wa jumuiya akiuliza, hujibu: "Tunamshukuru Mungu."

Jibu hilo tunalifahamu sote. Husikika kama neno la imani, lakini mara nyingi hutoka katika aibu. Tunachelea kuitwa ombaomba. Tunachelea midomo ya watu. Naye mzaliwa wa kwanza hudhani kwamba amri ya kuwaheshimu baba na mama alipewa yeye peke yake.

Sasa tumtazame Bwana wetu. Usiku ule wa Gethsemane hakuwaambia wanafunzi wake kwamba anaendelea vizuri. Mathayo, katika sura ya 26, anasimulia kwamba aliwachukua watatu, Petro na wale wana wawili wa Zebedayo, akawafunulia jinsi roho yake ilivyolemewa na huzuni hata kufa, akawasihi wakeshe pamoja naye. Mwana wa Mungu aliwaomba wavuvi msaada! Hakuwataka wamwondolee kikombe kile; hilo alimwomba Baba. Wao aliwaomba jambo walilokuwa na uwezo nalo: kuwa karibu, tena macho.

Nao walilala. Hata hivyo aliwarudia, mara ya kwanza, ya pili na ya tatu. Ndugu yangu, shemeji aliyeahidi kuja jana na asitokee, mwombe tena leo. Labda alikosa nauli. Labda aliogopa, kwa maana wako watu wazima, tena wenye nguvu, wanaoogopa wodi kuliko makaburi.

Lakini tuombeje? Neno "mniombee" ni jema, ila msikilizaji aweza kuliitikia kisha akaenda zake. Mtaje mtu kwa jina na kitu kwa jina. Fulani apike uji wa Jumanne. Kijana fulani akae kwenye benchi usiku wa Alhamisi, ili wewe ulale nyumbani. Mwingine awaangalie watoto watokapo shule. Daktari anapokuita kukueleza hali, ingia na mwenzako, kwa sababu sikio lenye huzuni husikia nusu tu ya maneno. Na hospitali ikihitaji damu, kumbuka kwamba mwanamume akishatoa hana budi kungoja miezi mitatu kabla ya kutoa tena, na mwanamke miezi minne. Familia ya watu watano humalizika upesi. Jumuiya haimaliziki upesi hivyo.

Yuko pia padre. Mtume Yakobo, katika sura ya tano ya waraka wake, anaagiza kwamba mgonjwa awaite wazee wa Kanisa wamwombee na kumpaka mafuta. Anayeita ni upande wa mgonjwa. Padre haoteshwi ndoto. Wengi huchelewa wakisema, "Mama akimwona padre atajua anakufa." Hofu hiyo imetokana na jina la zamani, Mpako wa Mwisho. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake juu ya Liturujia ya mwaka 1963, ulieleza kwamba ni afadhali kuiita Sakramenti hii Mpako wa Wagonjwa, na kwamba haiwahusu tu walio katika pumzi ya mwisho: wakati wake umekwisha kuwadia mtu aanzapo kuwa katika hatari kwa ugonjwa au uzee. Akipona kisha akaugua tena vikali, aweza kupakwa tena. Mwiteni padre wakati mama angali na uwezo wa kuitikia Amina.

Nanyi makatekista na viongozi wa jumuiya, msipeleke watu ishirini na ngoma kwenye mlango wa mahututi. Humo huruhusiwa mmoja au wawili, na kwa dakika chache. Nendeni kwa yule aliye nje. Wala msimwulize ni nani aliyemroga mzazi wake, wala msimpime imani. Rafiki za Ayubu waliketi naye chini siku saba bila kusema neno. Hiyo ndiyo kazi njema waliyoifanya. Balaa lilianza walipofungua vinywa.

Siahidi kwamba kila mzazi atapona. Kikombe cha Gethsemane hakikuondolewa. Luka atuambia kwamba malaika alitumwa kumtia nguvu yule aliyekuwa akikinywa. Siku hizi malaika huyo huja na chupa ya chai, pengine na mkeka.

Basi wewe uliye kwenye benchi, kabla jua la leo halijatua, mtume mtu kwa katekista wako. Mpe jina la mgonjwa, wodi, namba ya kitanda, na kitu kimoja unachohitaji usiku huu.