Taa ya Breki Ikiwaka: Usikubali Izimwe Kabla ya Kujua Sababu



 Mada yetu ya leo ni taa ndogo nyekundu iliyo kwenye dashibodi ya gari: duara lenye alama ya mshangao katikati na mabano pande zote mbili. Katika baadhi ya magari huandikwa BRAKE.

Tuanze na kisa cha mwenzetu mmoja wa ofisini. Taa hiyo ilikuwa ikiwaka kila alipokata kona, kisha ikizima. Alipolifikisha gari gereji, fundi alifungua boneti, akaongeza mafuta ya breki hadi juu, taa ikazima, wakaagana kwa furaha. Baada ya miezi michache ikasikika sauti ya chuma kikisaga chuma. Pedi za breki zilikuwa zimekwisha kabisa, na diski zimechimbika. Kazi ambayo ingemgharimu pedi peke yake ikadai na diski mpya.

Kosa lilikuwa wapi? Pedi zinapolika, pistoni za breki husogea mbele zaidi, na mafuta huteremka kutoka kwenye kikopo chake kwenda kujaza nafasi hiyo. Kina kikipungua, taa huwaka. Kuongeza mafuta bila kutazama pedi ni sawa na kumziba mdomo mlinzi anayepiga kelele za mwizi.

Kwa hiyo, taa ikiwaka mkiwa barabarani, punguzeni mwendo, egesheni mahali salama, kisha fuateni hatua hizi kwa utaratibu.

Kwanza, tazameni breki ya mkono. Ikiwa haijashushwa kikamilifu, taa itabaki ikiwaka. Ukaguzi huu hauna gharama yoyote.

Pili, kanyageni breki gari likiwa limesimama. Kanyagio likiwa laini kuliko kawaida, au likizama hadi chini, msiendelee na safari. Iteni fundi au gari la kuvuta. Magari mengi yana njia mbili za mafuta ya breki, ili moja ikivuja nyingine ibaki. Ndiyo maana gari lenye hitilafu kubwa bado laweza kusimama, ila kwa umbali mrefu zaidi, na dereva akadhani mambo ni shwari.

Tatu, fungueni boneti mtazame kikopo cha mafuta ya breki. Kina kinapaswa kuwa kati ya alama za MIN na MAX. Kikiwa chini ya MIN, tafuteni sababu: chunguzeni kama kuna unyevu chini ya gari au upande wa ndani wa magurudumu. Mkiuona, hayo ni mavuji, na gari lisiendeshwe. Pasipo mavuji, mwambieni fundi apime unene wa pedi mbele ya macho yenu. Zikifikia milimita 3 hivi, wakati wa kuzibadilisha umewadia.

Nne, ikiwa taa ya njano yenye herufi ABS imewaka peke yake, breki za kawaida bado zinafanya kazi, lakini magurudumu yaweza kujifunga mkikanyaga kwa ghafla. Endesheni taratibu hadi kwa fundi. Taa hiyo na ile nyekundu zikiwaka kwa pamoja, msiendeshe.

Tunasisitiza pia suala la mafuta yenyewe. Someni kifuniko cha kikopo: kitawaambia kama gari linahitaji DOT 3 au DOT 4. Kamwe msikubali kutiliwa oili ya injini au ya gia, kwani huvimbisha mipira ya ndani ya breki na kuiharibu. Nunueni chupa ambayo haijafunguliwa, maana mafuta ya breki hufyonza unyevu wa hewani. DOT 3 ikiwa mpya huchemka kwa nyuzijoto zisizopungua 205; ikishaingiwa na maji, kiwango hicho chaweza kushuka hadi 140. Anayeteremka Mlima Kitonga, mkoani Iringa, huku amekanyaga breki muda wote, huweza kuyachemsha mafuta ya namna hiyo, na kanyagio likakosa nguvu katikati ya kona. Mteremko wa aina ile hushukwa kwa gia nzito.

Kwa wanaonunua gari lililotumika, washeni swichi bila kuwasha injini, kisha vuteni breki ya mkono. Taa nyekundu lazima iwake. Isipowaka, huenda balbu imeungua, au imeondolewa ili msione kinachofichwa. Msilipe kabla hamjapata maelezo.

Mwisho, ndugu walaji, gereji ni mahali penye haki kama dukani. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji kuhusu bidhaa au huduma. Basi ulizeni kabla ya kazi: taa imewaka kwa sababu gani? Ombeni kuonyeshwa kipuri cha zamani kilichotolewa. Daini risiti inayotaja kazi iliyofanyika na vipuri vilivyofungwa, kwa kuwa bila risiti malalamiko yenu ni vigumu kuyathibitisha. Fundi mwaminifu hataudhika kwa maswali hayo. Yatampa nafasi ya kuonyesha ujuzi wake.

Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu. Anayelipia kuzimiwa taa amelipia kufichiwa wingu, na mvua bado iko njiani. Lipieni breki zitengenezwe. Taa itazima yenyewe.