MLIMA JUU YA DEBE

(Yafuatayo ni maandishi ya mazungumzo yaliyosomwa redioni juma hili.)



Anayesafiri kutoka Tunduma kwenda Sumbawanga mwezi wa Juni au Julai hukuta upepo wa baridi ukivuma juu ya nyanda za Ufipa, na kila kijiji anachopita hukuta mahindi. Yako juu ya maturubai, yako vibarazani, yako ndani ya magunia yaliyoegemezwa ukutani yakisubiri lori. Ni msimu wa kuuza.

Katika kijiji kimoja jirani na Laela nilisimama kumwangalia bibi mmoja akiuza mahindi yake. Mnunuzi alikuwa kijana aliyekuja na lori na debe lake mwenyewe, ile ndoo ya plastiki ya lita 20. Bibi akajaza debe, kisha akapitisha kiganja juu ya mdomo wake, punje zilizozidi zikaanguka chini.

"Bibi, hilo halijajaa," alisema kijana.

"Limejaa, mjukuu wangu. Tazama, limelingana na mdomo."

"Sisi tunanunua kwa mlima, bibi."

Bibi akamtazama. "Na huo mlima una bei gani?"

Watu walicheka. Kijana naye alicheka, lakini swali hakulijibu. Juma hili ningependa tujaribu kumjibu bibi yule, na njia ya kulifikia jibu inapita katika somo ambalo wengi wetu tulilikimbia shuleni, nalo ni hisabati.

Hebu tuanze na debe lenyewe. Chukua ndoo ambayo mdomo wake una upana wa sentimita 30. Ijaze mahindi mpaka yasiweze kuongezeka tena bila kumwagika. Yatajipanga yenyewe kama kichuguu, kwa sababu punje kavu hazikubali kusimama wima. Kila punje inayopita mteremko wake huporomoka. Kwa ndoo ya upana huo mlima hufikia kimo cha sentimita 7 hivi. Umbo hilo ndilo walimu wanaloliita pia. Ukitaka kujua ujazo wake, tengeneza pia ya karatasi ngumu yenye mdomo sawa na wa kopo na kimo sawa na cha kopo hilo, kisha tumia pia hiyo kujaza kopo mchanga. Utamimina mara tatu, basi, kopo limejaa. Pia ni theluthi ya kopo lenye mdomo na kimo kama chake. Jambo hilo Mgiriki Eudoxus alilithibitisha karne ya nne kabla ya Kristo, lakini mtoto mwenye mkasi na mchanga anaweza kulishuhudia leo mchana.

Basi kwa hesabu hiyo, mlima wa debe letu ni karibu lita moja na theluthi mbili. Lita moja ya mahindi makavu huwa na uzito wa kama robo tatu ya kilo. Kwa hiyo mlima ni kilo moja na robo. Mtu anaweza kusema, kilo moja na robo ni kitu gani kati ya majirani? Walakini mkulima haji na debe moja. Akiuza madebe 40 ametoa kilo 50 bila malipo, yaani nusu ya gunia la kilo 100.

Naam, hapo ndipo mambo yanapoanza kunoga, au kuchachuka, kutegemea uko upande gani wa debe. Mnunuzi mwerevu haji na ndoo ndefu. Huja na beseni. Anakwambia, na hakudanganyi, kwamba beseni lake ni lita 20 zile zile. Lakini mdomo wake una upana wa sentimita 45 badala ya 30. Macho yetu huona kwamba upana umeongezeka kwa nusu tu, na akili hutuambia kwamba mlima nao utaongezeka kwa nusu. La hasha! Mdomo ukipanuka, mlima hupanuka pande zote na papo hapo hurefuka, maana mteremko wa punje haubadiliki. Ukizidisha moja na nusu mara tatu, kwa urefu, kwa upana na kwa kimo, unapata tatu na zaidi kidogo ya theluthi. Mlima wa beseni ni lita tano na nusu, kilo nne na ushei. Chombo ni cha lita 20 kama kile cha kwanza, bei ni ile ile, lakini kinachotolewa bure ni zaidi ya mara tatu.

Huu si ujanja mpya, wala si wa Ufipa peke yake. Kiswahili chenyewe kinaujua tangu zamani. Wazee wa pwani walipima nafaka kwa kibaba; vibaba viwili ni kisaga, na visaga viwili ni pishi. Waumini wa Kiislamu hadi leo huitaja pishi wanapotoa zaka ya Fitri. Sasa, kamusi za karne ya 19 zimetuhifadhia maneno mawili ambayo vijana wa leo hawayasikii sana: kibaba cha mfuto na kibaba cha tele. Cha mfuto ni kile kilichofutwa juu kikalingana na mdomo. Cha tele ni kile kilichorundikwa mpaka kikafurika. Watu waliokuwa na majina mawili kwa vipimo hivyo viwili walijua kwamba ni vipimo viwili, na aliyepatana kwa kibaba aliweza kuulizwa: cha mfuto au cha tele? Sisi tumeliacha swali hilo, tukabaki na neno moja tu, debe, na ndani ya neno hilo moja mlima umepata mahali pa kujificha.

Ulaya nako hali ilikuwa hiyo hiyo. Kabla ya mapinduzi ya Ufaransa ya mwaka 1789, miongoni mwa malalamiko ya wakulima wa nchi ile ni vipimo vya mabwana zao, vilivyotofautiana kutoka mahali hadi mahali. Mfumo wa mita na kilo, uliowekwa kwa sheria huko mwaka 1795, ulizaliwa katika kilio hicho. Kwa hiyo tunapoiona kilo katika vitabu vya shule kama jambo kavu la mtihani, tukumbuke kwamba nyuma yake kulikuwa na mtu aliyesimama mbele ya nafaka yake akibishana.

Kuna wanaodhani kwamba hesabu za namna hii ni mali ya wageni, zilitujia kwenye mabegi ya wamisionari. Ningewaomba watazame pande mbili. Upande wa kwanza ni Misri. Ipo hati ya mafunjo, sasa imo katika Jumba la Makumbusho la Uingereza, iliyoandikwa na mwandishi aitwaye Ahmes yapata miaka 3,500 iliyopita. Humo mna swali juu ya ghala la nafaka la mviringo lenye upana wa dhiraa 9 na kimo cha dhiraa 10. Ahmes anasema: ondoa sehemu moja ya tisa ya upana, inabaki 8, nane mara nane ni 64, zidisha kwa kimo, ni 640. Sisi wenye mashine za kuhesabu tunapata 636 na kitu. Amekosea kwa chini ya sehemu moja katika mia. Na tazama alichokuwa akikihesabu Mwafrika huyo: kiasi gani cha nafaka kimo ndani ya chombo cha duara. Ni swali la bibi wa Laela.

Upande wa pili uko hapo hapo Ufipa. Porini katika wilaya ya Nkasi bado yamesimama masalio ya matanuri ya chuma, malungu kama Wafipa wanavyoyaita, yaliyojengwa kwa udongo, mengine yakifikia kimo cha mita 3. Profesa Bertram Mapunda amefanya utafiti wa miaka mingi juu ya kazi hiyo. Jambo la kustaajabisha ni kwamba ilungu halikuvukutwa kwa mivukuto. Hewa iliingia yenyewe kwa matundu ya chini, kwa sababu moto ndani ya tanuri refu huvuta upepo kama dohani linavyovuta moshi. Tanuri likiwa fupi, upepo ni dhaifu. Mivukuto ilitumika baadaye, katika tanuri dogo liitwalo kintengwe, la kusafishia chuma kile cha kwanza. Na kwa nini la mviringo? Fanya hesabu. Ukuta wenye mzunguko wa mita 6 ukiupanga mraba utazungushia eneo la mita za mraba mbili na robo. Ukiupanga duara utapata karibu mita za mraba mbili na tisa ya kumi. Udongo ule ule na kazi ile ile, lakini nafasi ya mkaa na mawe ya chuma imeongezeka kwa zaidi ya robo. Sisemi kwamba fundi wa ilungu aliandika hesabu hiyo mahali popote. Ninachosema ni kwamba aliyejenga umbo lile alijua umbo linafanya nini.

Basi ikiwa ujuzi huo ulikuwapo, kwa nini mjukuu wa fundi yule anapunjwa kwa beseni? Nadhani sehemu ya jibu imo darasani. Niliongea na mwanafunzi mmoja wa sekondari siku hiyo hiyo. Kanuni ya ujazo wa pia aliitamka bila kukosea, kama mtu anayesoma dua. Nikamwonyesha mlima juu ya debe nikamwuliza, ile ni nini? Akasema, "Mahindi." Hakukosea, lakini hakuna aliyewahi kumwambia kwamba vitu viwili vile ni kitu kimoja. Na kila mwaka tunashangaa kwa nini Hisabati inawaangusha watahiniwa wengi kiasi kile katika mtihani wa kidato cha nne.

Sehemu nyingine ya jibu haihusiani na elimu hata kidogo, nayo ni nguvu. Bibi alijua. Swali lake lilionyesha kwamba alijua kuliko wengi wetu. Lakini lori lilikuwa moja.

Lumbesa ni ndugu wa mlima, tofauti ni kwamba yeye huvaa gunia. Sheria inakataza kufungasha mazao kwa gunia kupita kilo 100, na Wakala wa Vipimo, ulioanzishwa mwaka 2002, hukagua na kutoza faini. Hata hivyo gunia hushonewa kilemba juu, au hushonwa pana tangu mwanzo. Gunia likiongezwa upana kwa moja ya tano tu, kimo kikibaki vile vile, ujazo wake unapanda kutoka 100 hadi 144. Mtu anayetazama kwa macho haoni kilo 44, anaona gunia lililonenepa kidogo. Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula hununua kwa kilo, na hapo milima na vilemba havina kazi. Mizani nayo huweza kuchezewa, ndiyo, lakini mizani iliyochezewa ni kosa lenye jina. Mlima unaitwa desturi.

Na ninyi mnaonisikiliza mkiwa Dar es Salaam, Mbeya au Dodoma, msidhani ni habari ya mbali. Mkienda gengeni kununua mahindi au maharage kwa sado, tazameni mkono wa muuzaji. Aghalabu hupita juu ya kopo, taratibu, ukafuta. Mara nyingine kitako cha kopo kimebonyezwa kwa ndani. Mazao yaliyopandishwa lorini kwa tele yanateremshwa kwenu kwa mfuto. Mlima uliotolewa bure Ufipa haufiki mezani kwenu, bali unabaki njiani.

Sitaki kuwaonea wafanyabiashara wote. Kumwongezea jirani konzi juu ya kipimo ni ustaarabu wetu wa siku nyingi, nami sitaki ufe. Lakini nyongeza hutolewa na mwenye mali kwa hiari yake. Ikidaiwa na mwenye lori, ni bei ambayo haikutajwa.

Nirudi Laela. Debe la kijana, kwa bahati au kwa makusudi, lilipasuka, akatoa beseni. Bibi alipoliona alikusanya mahindi yake, akayarudisha ndani ya gunia na kulifunga kamba. Alisema atamsubiri mwenye mizani. Kijana hakubishana, alikwenda nyumba ya pili. Baada ya saa moja hivi, bibi alimtuma mtoto amwite. Jumatatu mjukuu wake alitakiwa kwenda shule, na sare ilikuwa haijanunuliwa.

Nilisimama nikahesabu mabeseni. Yalikuwa 12, yote kwa mlima. Kilo 50.