Kwaya Hujengwa Siku ya Mazoezi

Hotuba kwa wanakwaya na waumini, Jubilei ya Fedha ya Kwaya



Nimeombwa niseme machache kuhusu jinsi mwimbaji anavyokua. Nitasema jambo moja: kipaji ni zawadi ya Mungu, lakini ustadi hutafutwa. Zaburi ya 33 inatutaka tumsifu Bwana kwa shangwe na kwa ustadi pia. Shangwe tunayo. Tuuangalie huo ustadi.

Karibu miaka 1000 iliyopita, mtawa Mbenediktini wa Italia, Guido wa Arezzo, aliona waimbaji wakikariri nyimbo kwa miaka mingi, na bado hawawezi kujifunza wimbo mpya bila mwalimu kuwaimbia. Akachukua utenzi wa Mtakatifu Yohane Mbatizaji, ambao vipande vyake sita vya kwanza huanza kila kimoja ngazi moja juu ya kilichotangulia. Silabi za mwanzo wa vipande hivyo ndizo ut, re, mi, fa, sol, la. Baadaye ut ikawa do.

Katika karne ya 19 huko Uingereza, mchungaji John Curwen aliendeleza kazi ya mwalimu Sarah Glover, akaeneza solfa ya herufi tunayoijua. Wamisionari wakaileta Afrika. Enoch Sontonga, mwalimu wa Afrika Kusini aliyeongoza kwaya, alitunga “Nkosi Sikelel’ iAfrika” mwaka 1897 na kuuandika kwa solfa. Leo majirani zetu Watanzania wanaimba wimbo wao wa taifa kwa sauti hiyo hiyo. Herufi chache tu, zisizohitaji kinanda, zilitosha.

Wapendwa, urithi huu unaponyoka mikononi mwetu. Siku hizi wimbo mpya unatumwa kwenye simu, kila mmoja anasikiliza sauti yake hadi inamkaa kichwani. Simu ni msaada mzuri, hasa ukijirekodi ili usikie unapopotea. Lakini anayejua kuiga tu humtegemea anayemwiga. Nanyi mnajua yanayotokea: yule mmoja anayeshikilia sauti ya tatu akisafiri, Jumapili hiyo sauti ya tatu yote inahamia kwa sauti ya kwanza! Tunarudi pale pale alipowakuta Guido waimbaji wake.

Basi tufanye mazoezi kwa utaratibu. Kwanza tuimbe solfa bila maneno, polepole, tukipiga mapigo kwa mkono. Tujue kwamba nukta mbili hutenganisha mapigo, na kistari huivuta sauti iliyotangulia. Kila sauti ijifunze peke yake, kisha tuunganishe mbili mbili, tukianza na ya kwanza na ya nne, kwa maana hizo ndizo paa na msingi. Maneno yaje mwisho. Palipo na ugumu, turudie pale pale penye ugumu. Kuanza wimbo mwanzo kila tunapokosea hutufanya mabingwa wa ubeti wa kwanza tu. Na kila mmoja aimbe kwa kiasi cha kumsikia jirani yake. Ukisikia sauti yako peke yako, umezidisha.

Kwa ninyi vijana mnaotunga: msingojee wimbo ushuke kutoka mbinguni ukiwa umekamilika. Soma maneno ya Zaburi kwa sauti mara nyingi, hadi usikie yanapopanda na yanaposhuka. Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Katika “Mwokozi”, mkazo uko kwenye “ko”. Ukiangusha pigo zito kwenye “zi”, msikilizaji atasikia neno limepinda, hata kama sauti ni tamu. Kisha sikiliza nyimbo za wazee wa kwenu, za harusi, za kazi, za kubembeleza watoto. Humo mna mahadhi ambayo hakuna kitabu kitakufundisha.

Ombi langu la jubilei ni dogo. Dakika 20 za kwanza za kila mazoezi ziwe za kusoma solfa, wakubwa kwa wadogo, na watoto wa kwaya yao wakaribishwe. Waumini, mnapotuchangia, tafadhali msifikirie sare na vyombo pekee. Saidieni pia kununua vitabu na kuwaalika walimu wa kutufundisha. Sare ya leo itachakaa kabla ya miaka mitano. Mtoto atakayejua kusoma solfa mwaka huu ataweza kuiongoza kwaya hii kwenye Jubilei ya Dhahabu, wakati wengi wetu tutakuwa tumeketi kwenye viti vya nyuma, tukimsikiliza.

Hongereni kwa miaka 25. Mungu awabariki, na tuonane mazoezini.