Mzee asibaki peke yake na siri yake
(Maneno tuliyosema mbele ya familia zilizohama na viongozi wao)



Mchezo wa kuigiza mnaujua. Watu waliogombania shamba wanatazama ugomvi wao ukichezwa na wengine, na hasira inapungua. Leo tunasema juu ya mchezo unaosaidia moyo wa mtu.

Huko Uingereza wako wazee wanaume waliopenda wanaume wenzao tangu ujana. Mpaka mwaka 1967, sheria ya Uingereza na Wales iliweza kuwafunga gerezani. Wengine walipelekwa hospitalini, wakapigwa umeme ili wageuke. Miaka ya 1980 UKIMWI ukawaua marafiki zao wengi. Mwaka 1990 ndipo OMS ilipoondoa jambo hilo katika orodha ya magonjwa. Lakini aliyejificha tangu ujana hasahau upesi, na wengi wamezeeka peke yao.

Mwaka 2020, wakati wa Covid-19, tiba kwa njia ya maigizo ilihamia sana kwenye intaneti. Kikundi kidogo kinakutana na mtaalamu, kila mmoja akiwa nyumbani mbele ya kompyuta au simu. Wanaanza kwa kunyoosha mikono na kutoa sauti. Mmoja anashika kofia ya zamani na kusema kana kwamba kofia ndiyo inayosema. Mwingine anaweka kiti kitupu, anaongea na baba aliyemfukuza, kisha anakaa pale na kujibu kama baba. Mwishoni kila mtu anaacha mchezo na kurudia jina lake. Hata mwenye magoti mabovu anapata wenzake.

Kuna hatari pia. Nani anasikiliza nyuma ya mlango? Kwa hiyo wanapatana: hakuna kurekodi, na mtu akiingia ghafula, msemaji anatoa ishara na wote wanabadili maneno.

Kwetu hema halina hata mlango. Hapa pia wako watu wenye siri za namna hiyo, na wengine waliotendewa mabaya vitani bila kumwambia mtu. Hatuwaombi mtuletee majina yao. Tunawaomba mambo matatu: msimlazimishe mtu kusema mbele ya watu, mliloambiwa kwa siri likae kwenu, na uvumi usimnyime mtu chakula wala nafasi ya kulala.

Aliyekimbia bunduki asilazimike kumkimbia jirani yake.