Nguvu haziji kwa maji wala kwa vidonge

(Mada iliyotolewa kwa wanafunzi wa kidato cha tatu na cha nne, Ifakara)

 

Nimeombwa nizungumze juu ya afya na mazoezi. Nimesikia hapa shuleni mna kikundi cha kunyanyua vyuma na kikundi cha maigizo. Basi leo nitawaeleza habari za mtu ambaye amekuwa kwenye mambo yote mawili tangu miaka ya 1970 mpaka leo. Si mtu maarufu. Ni mjomba wangu.

Mjomba ni mkulima wa mpunga hapa hapa bondeni, ana miaka 68. Hajawahi kupata medali hata moja. Vyuma vyake alijitengenezea mwenyewe: makopo mawili ya rangi yaliyojazwa zege, katikati bomba la chuma. Siku tatu kwa wiki, jioni, utamkuta nyuma ya nyumba ananyanyua. Zamani alikuwa anabeba gunia la mpunga la kilo 100 peke yake. Siku hizi habebi tena, anasema, "Mgongo nilipewa mmoja tu."

Penzi lake la pili ni kuigiza vita vya Majimaji. Amevuka Mto Kilombero na kikundi chake kwenda upande wa Mahenge tangu enzi za kivuko, miaka mingi kabla daraja halijazinduliwa mwaka 2018. Yeye huwa shujaa wa mstari wa mbele. Anakimbia na mkuki na ngao, anapigwa risasi, anaanguka. Jamani, kuanguka vile kwenye ardhi ngumu si mchezo! Ndiyo maana anafanya mazoezi.

Historia mnaijua. Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe aligawa maji, watu wakaambiwa risasi za Wajerumani zitageuka maji. Vita vilianza Umatumbi Julai 1905. Yeye mwenyewe alinyongwa mwanzoni mwa Agosti, lakini vita viliendelea kuenea mpaka kwetu. Tarehe 30 Agosti 1905 maelfu ya watu walilishambulia boma la Mahenge, nao Wajerumani wakawapokea kwa bombomu, yaani bunduki za rashasha. Risasi hazikugeuka maji. Mpaka vita vinakwisha mwaka 1907, watu waliokufa wanakadiriwa kuwa kati ya 75,000 na 300,000, wengi wao kwa njaa baada ya mashamba na maghala kuchomwa.

Wale hawakuwa wajinga. Maji yaliwaunganisha watu wa makabila mengi dhidi ya mkoloni mmoja. Ebrahim Hussein ameliandika vizuri jambo hilo katika tamthilia yake ya Kinjeketile, iliyochapishwa mwaka 1969. Lakini kuungana ni jambo moja, na kinga ya mwili ni jambo jingine.

Sasa mtauliza, hayo yanahusiana nini na afya? Subirini.

Nilipokuwa kidato cha tatu nilikuwa mwembamba kama ufito, wenzangu wananicheka. Rafiki akanionyesha duka moja linalouza vidonge vya "kujaza mwili". Havikuwa na boksi wala karatasi ya maelezo, vilifungwa kwenye gazeti. Nikavimeza miezi miwili. Kweli, uso ukajaa, mashavu yakawa kama maandazi. Nikafurahi! Lakini gunia nililokuwa nanyanyua zamani likanishinda. Mjomba akaniangalia, akaniuliza, "Mwanangu, umekunywa maji ya nani?"

Alinipeleka hospitali siku ile ile. Daktari alisema vilikuwa vidonge vya jamii ya deksamethasoni. Ni dawa halali kwa wagonjwa fulani, lakini ukiitumia ovyo inaongeza hamu ya kula na kuvimbisha uso, huku inapunguza misuli, inadhoofisha mifupa na kupandisha sukari. Nilikuwa nanunua udhaifu kwa hela yangu! Akanionya pia kwamba dawa hizo ukishazizoea, kuziacha ghafla bila daktari ni hatari. Aliniachisha taratibu.

Kuna aina nyingine, zile homoni za kutunisha misuli, hasa za sindano. Hizo misuli zinaongeza kweli. Lakini kwa kijana anayekua zinaweza kusimamisha urefu. Kwa mvulana zinapunguza korodani na mbegu za kiume. Kwa msichana zinaleta sauti nzito na ndevu. Zinaumiza ini na moyo. Na mkichangia sindano, mnaweza kuambukizana virusi vya UKIMWI na homa ya ini. Mnamkumbuka Ben Johnson wa Kanada? Mwaka 1988 huko Seoul alikimbia mita 100 kwa sekunde 9.79, akapimwa, akakutwa na dawa hizo, akanyang'anywa dhahabu.

Je, nguvu zinatoka wapi basi? Wagiriki wa kale walisimulia juu ya Milo wa Croton, mwanamieleka aliyembeba ndama kila siku mpaka ndama akawa fahali. Ukweli wa hadithi hiyo ni huu: mzigo uongezeke kidogo kidogo. Anza na uzito mwepesi, jifunze kwanza kunyanyua sawasawa, mgongo umenyooka, magoti yamekunjwa. Pasha mwili moto. Pumzisha misuli, kwani inajengeka wakati wa kupumzika na kulala. Kula maharage, dagaa, mayai, samaki wetu wa mtoni. Si wali mtupu. Shirika la Afya Duniani linashauri vijana wajishughulishe wastani wa dakika 60 kila siku, na mazoezi ya nguvu angalau siku tatu kwa wiki. Wasichana mmo humo! Mifupa yenu inayahitaji mazoezi hayo vile vile.

Kama kuna mtu hapa anatumia vidonge vya namna hiyo, sitaki anyooshe mkono. Aende kituo cha afya na vidonge vyake mkononi, aonyeshe. Hakuna aibu. Mimi nilikwenda.

Mwaka jana nilimuuliza mjomba anawaza nini anapolala pale chini, amejifanya maiti. Akasema, "Nawaza yule kijana wa kweli aliyeanguka Mahenge. Mimi naigiza, halafu nasimama, nakung'uta vumbi, naenda kula. Yeye hakusimama."

Vijana wenzangu, ninyi mna nafasi ya kuuliza kabla ya kumeza. Ulizeni.

 Maswali?