Kazi na Kipimo Chake
(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama)



Twaomba kusema machache juu ya kipimo cha kazi, maana kila mmoja wetu hupimwa, naye yampasa kujua asili ya kipimo hicho.

Mwaka 1911 Mmarekani Frederick Winslow Taylor alitoa kitabu akifundisha ya kuwa kila kazi yaweza kugawanywa na kupimwa kwa saa, na mkubwa ndiye aamuaye jinsi ya kuitenda. Mwaka ule ule wasubu vyuma wa karakana ya silaha ya Watertown waligoma kwa ajili ya saa hiyo, na mwaka 1915 Bunge la Marekani likaikataza katika karakana za namna ile.

Huku kwetu wazee wa mashamba ya mkonge walikijua kipande, yaani kadi ya siku 30 za kazi. Asiyetimiza sehemu yake hakuandikiwa siku.

Kisha kipimo kikaingia ofisini. Mwaka 2004 Serikali ilianzisha OPRAS, ambayo kwayo mtumishi na msimamizi wake walitia sahihi malengo ya mwaka. Mwaka 2023 mahali pake pakashikwa na PEPMIS, na hesabu ile sasa huingizwa katika kompyuta.

Hatusemi kipimo ni kibaya. Pasipo kipimo hutawala upendeleo, na mwenye bidii hulinganishwa na mvivu. Lakini fikirini karani wa Mbagala aliyetumia asubuhi nzima kumwelekeza mjane asiyejua kusoma katika shauri la mirathi. Hesabu yake ni mtu mmoja. Mwenziwe wa Mwananyamala aliyegonga mihuri 40 ataonekana bora. Na alama hizo huangaliwa katika kupandishwa cheo.

Kwa hiyo twashauri mambo matatu. Kwanza, malengo tuyajadili na wasimamizi wetu kila Julai, kabla hayajaandikwa. Pili, kila mtu aweke daftari la kazi zisizohesabika kwa urahisi, apate kuzionyesha. Tatu, asiyeridhika na alama zake aulize sababu kwa maandishi na kwa adabu, asinung'unike vichochoroni.

Taylor alitaka mkubwa afikiri na mdogo atende. Sisi twaamini ya kuwa atendaye kazi aijua, na neno lake lastahili kusikiwa kipimo kinapowekwa.