Timu Ikivuka Mpaka, Habari Zisikwame

Mpenzi msikilizaji, katika mazungumzo yetu ya juma hili nataka tuzitazame timu zetu za taifa zinapokwenda kushindana nje ya nchi, na hasa jambo moja ambalo halipewi uzito unaostahili, nalo ni mawasiliano. Sote tunaifahamu picha ya kuaga. Nahodha anakabidhiwa bendera, mgeni rasmi anatoa nasaha, wachezaji wanapunga mikono. Baada ya siku kadhaa tunaletewa picha ya pili: timu imerudi. Ikiwa na medali, kuna matarumbeta na mashada ya maua. Ikiwa haina, kuna watu wachache wanaoburuta mabegi yao kuelekea kwenye gari. Katikati ya picha hizo mbili, mara nyingi, ni kimya.

Kimya hicho kina watu kinaowaumiza. Miaka kadhaa iliyopita nilipigiwa simu studio na mama mmoja mkazi wa Tandika, Wilaya ya Temeke. Binti yake alikuwa amesafiri na timu ya taifa ya vijana, na siku ya nne ilikuwa imetimia bila mama huyo kusikia lolote. Hakuniuliza kama wameshinda. Aliniuliza kama sisi wa redio tunajua wamefika salama. Nikapiga simu tatu kwa wahusika, na jibu nililolipata mara zote tatu lilikuwa moja: subirini timu irudi. Sikuwa na la kumwambia mama yule.

Ili tulione jambo hili vizuri, naomba tuuangalie kwanza mchezo mmoja ambao hapa kwetu ni wachache wanaoujua, lakini una somo kubwa kwetu. Huu ni mchezo wa glaida, yaani ndege isiyo na injini. Glaida huvutwa hadi angani na ndege nyingine yenye injini, au kwa kamba inayovutwa na mtambo ulio ardhini, kisha huachiwa. Kuanzia hapo rubani hana mafuta ya kumsukuma. Anatafuta hewa iliyopashwa joto na jua, ambayo hupanda juu, naye huzunguka ndani yake na kupanda nayo, kama mwewe tunayemwona juu ya vilima vya Pugu akizunguka bila kupiga bawa. Akishapata kimo huteleza mbele kuitafuta hewa nyingine, na siku ikiwa njema huweza kwenda mamia ya kilomita kwa namna hiyo. Kenya kumekuwapo klabu ya mchezo huu huko Mweiga, karibu na Nyeri, na mwaka 2001 mashindano ya dunia yalifanyika Mafikeng, Afrika Kusini.

Sasa katika mashindano hayo rubani mara nyingi yuko peke yake ndani ya ndege, lakini anawakilisha timu ya nchi yake. Kinachomuunganisha na wenzake ni redio ya mawasiliano. Mmoja akiipata hewa inayopanda humwambia mwenzake. Mwingine akikuta hakuna kitu, huonya. Ardhini yuko nahodha wa timu. Kazi yake ni kuhudhuria kikao cha kila asubuhi, kuijua njia itakayorukwa siku hiyo, kufuatilia hali ya hewa, na kujua kila rubani wake yuko wapi. Maana hewa ikikatika, rubani hulazimika kutua hata katika shamba la mtu, na watu wa timu hawana budi kwenda na gari na trela kumchukua. Katika mchezo huo hakuna wa kusema subirini warudi. Habari ni sehemu ya mashindano yenyewe, sawa na mabawa ya ndege.

Tena habari hizo zina taratibu zake. Mwezi Januari 2020, katika mashindano ya dunia ya glaida kwa wanawake yaliyofanyika Lake Keepit, Australia, mahali zilipo ndege palitakiwa kuonyeshwa kwa kuchelewesha, ili timu isije ikanufaika isivyo halali. Ikabainika kwamba timu ya wenyeji ilikuwa ikizipata taarifa hizo bila kusubiri. Ilikatwa pointi. Kwa hiyo, mpenzi msikilizaji, sisemi kwamba kila jambo la timu litangazwe. Iko siri ya ushindi, kama vile mbinu za kocha na kikosi kitakachoanza. Hiyo tuiheshimu. Ninachokipinga ni usiri wa aina nyingine, ule unaoficha uzembe chini ya mwavuli wa siri ya ushindi.

Turudi nyumbani. Mawasiliano ya timu ya taifa yana nyakati tatu: kabla ya safari, wakati wa mashindano, na baada ya kurudi.

Kabla ya safari, wananchi wana haki ya kuambiwa ni nani wanakwenda na wamechaguliwa kwa kigezo gani. Kijana wa Mwananyamala au wa Mbagala anayejifua kila alfajiri kwenye uwanja wa mchanga anataka kujua ni muda gani wa mbio unaotakiwa, au ni pambano gani la kufuzu. Asipoambiwa, atajijibu mwenyewe kwamba nafasi zimekwenda kwa wenye wajomba. Pengine si kweli, lakini penye kimya uvumi ndio unaokaribishwa.

Wakati wa mashindano, jambo la kwanza ni kujua nani anasema kwa niaba ya timu. Januari 2024, Taifa Stars ikiwa Cote d'Ivoire kwa fainali za Kombe la Mataifa ya Afrika, kocha wake Adel Amrouche alikuwa ametoa kauli kwenye vyombo vya habari akidai kwamba Morocco ina ushawishi mkubwa katika uendeshaji wa soka la Afrika, wakiwamo waamuzi. CAF ilimfungia mechi nane. TFF nayo ikamsimamisha, na timu ikabaki mikononi mwa Hemed Suleiman na Juma Mgunda. Vijana wetu, waliokuwa wamefungwa 3-0 na Morocco katika mchezo wa kwanza, walijikaza wakatoka sare ya 1-1 na Zambia na ya 0-0 na Kongo. Tujiulize wangefika wapi kama wangebaki na utulivu tangu siku ya kwanza. Neno la mtu mmoja ugenini huhesabiwa kuwa neno la wote, na gharama yake hulipwa na wote.

Jambo la pili ni kutufikishia habari njema zikiwa bado na joto. Septemba 15, 2025, Alphonce Simbu alishinda marathoni ya ubingwa wa dunia mjini Tokyo. Muda wake, saa 2, dakika 9 na sekunde 48, ulilingana na wa Amanal Petros wa Ujerumani, na ilibidi picha ya mstari wa mwisho iamue. Hiyo ndiyo medali ya kwanza ya dhahabu ya Tanzania katika mashindano hayo ya dunia ya riadha. Kwa saa za kwetu ilikuwa bado usiku. Asubuhi, ndani ya daladala la kutoka Mbagala Rangi Tatu, niliwakuta abiria wakibishana. Mmoja anasema ameshinda. Mwingine anasema hiyo ni picha ya zamani inayozungushwa kwenye simu. Wa tatu akauliza, kwani Simbu ni nani? Swali hilo ndilo lililonichoma, wala simlaumu aliyeuliza. Simbu alikuwa wa tano katika Olimpiki ya Rio mwaka 2016, na akatuletea shaba kutoka London mwaka 2017. Mtu anaitumikia bendera kwa miaka kumi, na mlipa kodi wa Mbagala hajajulishwa habari zake!

Wazee wetu hawakuwa na simu za mkononi. Hata hivyo mpaka leo wanakusimulia jinsi Filbert Bayi alivyoongoza tangu mwanzo na kuvunja rekodi ya dunia ya mita 1,500 mjini Christchurch, Februari 2, 1974, kwa dakika 3 na sekunde 32.2. Wanalikumbuka jambo hilo kwa sababu walisimuliwa, wakawasimulia watoto wao.

Baada ya kurudi ndipo penye ugumu zaidi, kwa sababu wengi huogopa kueleza kushindwa. Lakini tumtazame John Stephen Akhwari. Katika Olimpiki ya Mexico City mwaka 1968 alianguka, akaumia goti, akafungwa bendeji na kuendelea na marathoni. Alimaliza wa mwisho, zaidi ya saa moja baada ya mshindi, Mamo Wolde wa Ethiopia. Alipoulizwa kwa nini hakuacha, alieleza kwamba nchi yake haikumtuma kuanza mbio, bali kuzimaliza. Dunia nzima inamheshimu. Kushindwa kulikoelezwa kwa ukweli hakujatuletea aibu hata kidogo.

Sasa tufanyeje? Kwanza, kila msafara wa timu ya taifa uwe na mtu mmoja aliyetajwa kwa jina kabla ya safari, ambaye kazi yake ni kutoa habari kila siku, kwa wazazi kwanza na kwa vyombo vya habari baadaye. Wasiseme hakuna fedha. Simu anayo, na kama nafasi ya ndege haipo, kazi hiyo apewe mmoja wa viongozi wanaokwenda. Pili, vyama vya michezo vitangaze vigezo vya uteuzi mapema, viwafikie maofisa michezo wa Temeke, Kinondoni na kila wilaya nchini. Tatu, Baraza la Michezo la Taifa, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1967, lidai taarifa ya kila timu ndani ya siku 30 baada ya kurejea, nayo isomwe hadharani: tulikwenda wangapi, tulipata nini, tulikosea wapi.

Timu inayobeba bendera ya nchi ni ya wananchi wote, hata siku inapofungwa. Anayeitwa mwenye timu wakati wa kuchangia, aitwe pia wakati wa kuelezwa.

Hadi juma lijalo, nakutakia usikilizaji mwema.